Tembo akivuka mpaka, simu iite na kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalotuhusu sisi tunaolima kando ya hifadhi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na sasa ni mkulima wa mtama, mihogo na pamba kidogo katika Tarafa ya Chamriho, Wilaya ya Bunda, mkoani Mara. Kutoka shambani kwangu unaweza kutembea kwa miguu hadi mpaka wa Pori la Akiba la Grumeti na kurudi kabla jua halijawa kali. Kola za satelaiti wanazofungwa tembo shingoni, kamera za kutega zinazojipigia picha mnyama akipita, na akili mnemba, ambazo magazeti yanaziandika sana siku hizi, kwetu ni vyombo vilivyopo tayari, tena karibu. Ombi langu ni moja: vyombo hivyo vinapoonyesha kwamba tembo wamevuka mpaka, taarifa imfikie mwenye shamba usiku uleule, isiishie ofisini.

Siandiki kupinga uhifadhi. Tunakumbuka tulikotoka. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000, na ilipofika 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000. Selous na Ruaha ndiko walikouawa zaidi. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Sensa ya 1986 ilikuta tembo kama 2,000 tu katika ikolojia nzima ya Serengeti na Maasai Mara, lakini ile ya 2014 ikahesabu zaidi ya 7,000. Nilifundisha somo la sayansi kwa miaka mingi na nilipenda kuwaeleza watoto kwamba mnyama huyu, ambaye babu zao waliogopa atakwisha, amerudi. Bado napenda kuwaeleza hivyo. Ila tembo haoni bikoni, na mtama wetu unanukia hadi ng'ambo ya mto.

Msomaji wa mjini asiyelijua dungu nimweleze kidogo. Mtama unapoanza kukaza punje, kaya inahamia shambani. Kila shamba linajengewa kichanja cha miti chenye paa la nyasi, na juu yake wanalala baba na vijana wakiwa na tochi, debe na vuvuzela. Chini akina mama wanafukiza matofali ya kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, moshi unaowasha macho ya mnyama na ya mtu. Shuleni msimu huo niliutambua kwa daftari la mahudhurio. Watoto wa vitongoji vya mpakani walikuwa wanakosa kuja, au wanakuja na kulala juu ya dawati kabla ya kipindi cha pili. Sikuwahi kumwadhibu mtoto kwa usingizi wa aina hiyo. Nilikuwa najua alikuwa wapi usiku.

Wataalamu walipokuja kuwafunga tembo kola upande wetu, sisi wajumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji tulialikwa kushuhudia, na ninashukuru. Helikopta ilimtenga jike mkubwa na kundi lake, daktari akampiga sindano kwa bunduki, na baada ya muda mfupi akalegea na kulala ubavu. Tuliruhusiwa kusogea. Daktari alichukua kijiti akakichomeka kwenye ncha ya mkonga ili tundu lisijifunge, hewa iendelee kupita. Kijana mmoja alilikunja sikio lake akamfunika nalo jicho, lisipigwe na jua wala vumbi. Wengine walimwagia maji masikioni, maana tembo hupooza mwili wake kwa masikio. Mkanda ukapitishwa shingoni, mzito, wenye kifaa cha satelaiti juu na uzani chini wa kuuzuia usizunguke. Niliweka kiganja changu kwenye ngozi yake. Ilikuwa ya moto na ngumu, na kati ya mikunjo kulikuwa na matope makavu ya mto tunaoteka maji. Daktari akamchoma dawa ya kumwamsha, tukarudi kwenye magari, na muda si mrefu akainuka, akatikisa kichwa, akaelekea walikokimbilia wenzake.

Mtaalamu mmoja alitueleza kwamba kola ile hupokea mahali alipo kutoka satelaiti na kutuma nukta kila baada ya muda uliopangwa, na kwamba jike akiwa kiongozi, ukijua alipo yeye umejua lilipo kundi zima. Akasema programu ya kompyuta inazisoma nukta hizo yenyewe. Tembo akikaa mahali pamoja bila kusogea kwa muda usio wa kawaida, inatoa tahadhari kwamba huenda ameumia au ameuawa. Akivuka mstari uliochorwa kwenye ramani, inatoa tahadhari nyingine. Tulipiga makofi. Tulidhani tahadhari hiyo ya pili itatufikia na sisi.

Msimu uliofuata kundi lile liliingia kwa jirani yangu, mjane mwenye ekari mbili na nusu. Ilikuwa kama saa tano usiku. Alikuwa dunguni na mjukuu wake wa darasa la tano. Aliposikia matawi yakivunjika walikuwa tayari wamezungukwa, wakakaa kimya juu ya miti ile minne hadi karibu alfajiri. Tulipofika asubuhi mtama ulikuwa umelazwa kama umepitiwa na trekta. Upande wa mihogo ulikuwa umeng'olewa shina kwa shina. Tembo huushika mhogo kwa mkonga, huukung'uta udongo kwenye mguu wake, hula mzizi na kuacha majani, kwa hiyo shamba lilikuwa limejaa majani mabichi yaliyopangika utadhani kuna mtu amevuna. Kihenge kilikuwa kimesukumwa ukuta. Tunamshukuru Mungu kwamba bibi na mjukuu walishuka wazima.

Siku hiyo afisa mmoja alikuja kuandika uharibifu. Ni kijana muungwana, na nilipomuuliza kuhusu kola alinionyesha kwenye simu yake bila kificho. Niliona ramani na nukta zimejipanga. Zilikuwa ndani ya pori mchana kutwa, jioni zikashuka mtoni, na kabla ya saa tatu usiku zilikuwa zimevuka mpaka. Tahadhari ilikuwa imetoka. Ilipokelewa na walioandikwa kuipokea, ambao gari lao usiku ule lilikuwa upande mwingine kabisa wa pori. Namba ya mtu yeyote wa kijiji chetu haikuwamo kwenye orodha.

Mhariri, kati ya saa tatu na saa tano kuna saa mbili. Kwa saa mbili mwenyekiti wa kitongoji anaweza kupuliza filimbi na watoto wote wakashushwa madunguni. Vijana wa madungu kumi wanaweza kukusanyika upande mmoja wenye debe na tochi, badala ya kila mmoja kupigana peke yake kwenye kona yake. Askari wanyamapori wa kijiji wanaweza kuwapigia wenzao wenye mabomu baridi, yale ya kishindo tu ya kumtisha tembo. Aliyekwenda kilabuni au mnadani anaweza kupigiwa simu alale hukohuko. Mtu anayekutana na tembo gizani bila kutarajia ndiye anayeuawa, na wengi wa waliouawa katika vijiji vyetu walikutana nao hivyo, njiani, wakirudi nyumbani.

Wala jambo ninaloliomba si geni. Mwaka 2008 katika hifadhi ya Ol Pejeta, nchini Kenya, kulikuwa na dume mmoja mharibifu aliyeitwa Kimani. Shirika la Save the Elephants lilimfunga kola yenye laini ya simu ya kawaida. Kila alipokaribia uzio wa mashamba, kola ilituma ujumbe mfupi, na askari walikwenda kumrudisha kwa taa za gari kabla hajagusa hindi. Huko Valparai, kusini mwa India, kwenye milima ya mashamba ya chai, wahifadhi walichunguza vifo vya watu waliouawa na tembo wakakuta kwamba wengi hawakujua kabisa kuwa tembo wako karibu. Wakaanza kutuma ujumbe mfupi kwa wakazi kila jioni, na kuweka taa nyekundu juu ya nguzo ambazo huwashwa kwa simu tembo wanapokuwa jirani. Mama anayeshuka kwenye basi usiku akiona taa inawaka, hapiti njia ile. Valparai hakuna maajabu kuliko Bunda. Simu za kitochi zipo hata kwetu, na ujumbe mfupi hauhitaji bando.

Nimeuliza kwa nini isiwe hivyo kwetu, na jibu ninalopewa ni usalama: mahali alipo tembo ni siri, ikivuja majangili watamfuata. Jibu hilo nalichukua kwa uzito. Mwaka 2013 huko India mtu asiyejulikana alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyokuwa ikipokea taarifa za kola ya chui milia wa hifadhi ya Panna. Hatari ni ya kweli. Lakini mimi siombi ramani wala nukta, na sitaki kujua tembo analala wapi akiwa ndani ya pori. Naomba sentensi moja, akishatoka porini na kuingia kwenye ardhi ya kijiji: tembo wako upande wa kitongoji fulani, shusheni watoto, msiwafuate. Itumwe kwa mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji, askari wanyamapori wa kijiji na kiongozi wa kikundi cha ulinzi wa mashamba, watu ambao serikali inawajua kwa majina. Tembo aliyekwisha kuingia kwenye mtama si siri tena. Mbwa wote wa kijiji wanabweka. Tembo akisimama muda mrefu mno programu inamwamsha askari, na akija shambani iamshe na mwenye shamba.

Wapo watakaosema kola ni chache, na kwamba waharibifu wakubwa ni madume yanayotembea peke yao au wawili wawili, ambayo mengi hayana kola. Ni kweli. Hapo ndipo kamera zenye akili mnemba zingetusaidia. Katika hifadhi ya Lopé nchini Gabon watafiti wamejaribu kamera za kutega zinazotambua zenyewe kwamba kilichopita ni tembo na kutuma taarifa kwa satelaiti, mahali ambapo hakuna mnara wa simu. Karibu na Coimbatore, India, kamera za namna hiyo ziliwekwa mwaka 2024 kandokando ya reli, dereva wa treni apewe taarifa kabla hajafika walipo tembo. Sisi mapito ya tembo tunayajua. Wazee wa Kiikizu watakuonyesha kivuko kwa kivuko, na mti ambao tembo hujikunia mgongo kabla ya kupanda upande wa mashamba. Kamera chache kwenye vivuko hivyo zingefanya kazi kuliko nyingi zilizotawanywa bila kuuliza mwenyeji.

Kuna hili pia la nani anaifundisha kompyuta. Tangu 2010 kumekuwa na kamera 225 zilizopangwa ndani ya Serengeti katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kitu chenye joto kikipita mbele yake, kihisi kinaiamsha kamera inapiga picha. Hata majani yaliyopigwa na jua yakiyumba huiamsha, ndiyo maana picha nyingi hazina mnyama. Picha hizo zilipelekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 waliojiandikisha wakazitazama na kuandika huyu nyumbu, huyu pundamilia, huyu swala. Kwa kazi yao hiyo kompyuta ikajifunza. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba katika picha milioni 3.2 iliweza kutambua wanyama kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na wale watu, na kuokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi ya binadamu. Naipongeza kazi hiyo. Ila watafiti wenyewe wameeleza kwamba kompyuta iliyofunzwa mahali pamoja hubabaika ikipelekwa pengine, ambako vichaka, mwanga na udongo ni tofauti. Ya Serengeti katikati haitajua shamba la mtama la Bunda usiku wa mvua. Itahitaji picha za hapa zilizotambuliwa na watu wa hapa. Vijana wetu waliomaliza kidato cha nne wanamjua tembo, nyati na kiboko kwa unyayo na kwa kinyesi. Wapewe kazi hiyo, kwa posho, hapohapo kwenye shule za kata zenye kompyuta.

Nikiwa mwanamke nina neno jingine, nalo naomba lisomwe kwa makini na wanaotega kamera. Kamera haichagui. Inapiga tembo, inapiga fisi, inampiga pia mama aliyekwenda kuchanja kuni na akajisitiri nyuma ya kichaka. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti kutoka hifadhi ya Corbett, India. Wanawake wa vijiji vya huko, wakijua kamera ziko msituni, walibadilika. Kabla ya hapo walikuwa wanakwenda kuni wakiimba na kuzungumza kwa sauti, na sauti zao ziliwafukuza tembo na chui milia. Kwa kuogopa kutazamwa wakawa wanakwenda kimya, na kuingia sehemu wasizozizoea. Picha ya mwanamke mmoja akijisaidia, iliyonaswa na kamera ya wanyama, ilisambazwa na wanaume kwenye simu zao. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria akina mama wa hapa. Na sisi tukienda kuni tunakwenda kwa kundi, tukiongea kwa sauti kubwa, na kwa sababu hiyohiyo.

Ndiyo maana nasema kabla kamera haijafungwa kwenye ardhi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji uambiwe ipo wapi na inatazama wapi. Picha ya mtu isiyohusu ujangili ifutwe na kompyuta yenyewe kabla binadamu hajaiona. Kama kompyuta inaweza kumtofautisha nyumbu na nyati, inaweza kumtambua mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani na kumwacha apite zake. Na anayesambaza picha kama ile ya Corbett ashtakiwe.

Namalizia na kifuta jasho, maana jirani yangu bado anakisubiri. Kanuni za mwaka 2011 zinampa mkulima aliyeharibiwa mazao haki ya kulipwa, lakini lazima uharibifu uthibitishwe, na fomu hupita meza nyingi: mtendaji, afisa ugani, wilaya, hadi wizarani. Kila meza inauliza kama kweli ni tembo, waliingia lini, walikuwa wangapi. Mtaalamu akichelewa kufika, mvua inafuta nyayo na mbuzi wanamaliza mabua, na mkulima hana cha kuonyesha. Nukta za kola zinayo majibu hayo yote: tarehe, saa waliyoingia, saa waliyotoka, na shamba walilosimama. Ziambatanishwe kwenye fomu. Kwa shamba la yule mjane, nukta za usiku ule zipo, nimeziona kwa macho yangu, na afisa aliyenionyesha anaweza kuzichapa kwenye karatasi leo hii.

Kwa wanaohusika, mtama wa msimu huu umeanza kutoa masuke. Namba za simu za wenyeviti wote wa vitongoji vya mpakani ziko kwa watendaji wa vijiji. Kuziingiza kwenye orodha ya tahadhari ni kazi ya asubuhi moja, na tunaomba ifanyike kabla punje hazijakaza.

Mwalimu mstaafu na mkulima,
Tarafa ya Chamriho, Bunda, Mara